Kazi ya data za hospitali: leo najibu lile swali

Haya wapendwa, karibuni tena. Kila nikiweka video swali ni lile lile: "Dada, hiyo kazi yako ya data za hospitali ni kazi gani, na sisi tunaipataje?" Mmeuliza wenyewe, kwa hiyo asije mtu hapa kusema naringa, wala mwingine kusema nalialia.

Mimi sitibu mtu. Nahakikisha taarifa ya mgonjwa ikitoka mfumo mmoja kwenda mwingine, inafika na maana yake ile ile. Chukueni sukari ya damu. Maabara moja inapima kwa milimoli kwa lita, inaandika 7. Nyingine inapima kwa miligramu kwa desilita, inaandika 126. Sukari ni ile ile! Sasa ile 7 ikifika bila kizio chake kwenye mfumo unaosoma miligramu, daktari anaona mtu anayekata roho. Ndiyo maana kuna LOINC, inayokipa kila kipimo cha maabara namba yake, na FHIR, tunatamka "faya", inayopanga ujumbe wenyewe: thamani mahali pake, kizio mahali pake. Mimi nilitokea maabara, damu hiyo nimeishika kwa mkono wangu, kwa hiyo kosa kama hilo linanikosesha usingizi.

Kilichonitesa ni makaratasi ya kazi ya nje ya nchi, masomo hayakunitesa. Cheti changu kina majina mawili, pasipoti ina matatu. Ofisi ya kutathmini vyeti ikasema hao ni watu wawili. Nikaenda kula kiapo kwa wakili, nikalipia tathmini upya, ada ya kwanza haikurudi. Miezi saba! Na katika miezi hiyo kuna ndugu walinitangaza kwamba nimeshafika, nimewasahau, wakati mimi nahesabu nauli ya basi. Iliniuma, na leo nimeona niseme.

Tangu hapo, nikikuta majalada mawili yenye majina yanayokaribiana, siyaunganishi haraka. Natazama tarehe ya kuzaliwa, namba ya mgonjwa, simu. Ukikosea, mzio wa dawa wa mtu mmoja unaingia kwenye jalada la mwingine.

Mnaotaka kuanza, msikimbilie kulipia kozi. Maelezo ya FHIR yako wazi mtandaoni, bure. Toleo lake la R5 lilitoka 2023, ila mimi kazini nakutana zaidi na toleo la R4, basi anzeni nalo. Mazoezi fanyeni na Synthea, programu ya bure inayotengeneza wagonjwa wa kubuni. Msiguse data za wagonjwa halisi. Mtihani wa HL7, shirika lililotengeneza FHIR, unalipiwa, mimi niliusubirisha mpaka nilipopata ajira. Hiyo ni njia yangu lakini. Mwenye visa nyingine au aliyesomea kompyuta, yake itakuwa tofauti kabisa, asije akanidai.

Mshahara sitautaja, msiniulize tena. Ila aliyekwama kwenye majina kama mimi, aandike hapo chini ni karatasi gani imekataliwa, nitamweleza kile kiapo kiliandikwaje.