Namna ya Kumwachisha Mtoto wa Paka Kung'ata na Kuparura Mikono

Asalamu alaykum, na karibuni watazamaji. Nipo barazani kwetu Ngamiani, jijini Tanga, na huyu mnayemwona akiufukuza mkia wake mwenyewe juu ya mkeka ni Zabibu, paka jike mwenye umri wa wiki 11. Mikwaruzo iliyo mgongoni mwa mkono wangu wa kushoto ni kazi yake. Ile mirefu iliyokwisha kukauka ni ya wiki mbili zilizopita, na huu mmoja mwekundu ni wa jana, nao nauhesabu kuwa kosa langu mwenyewe, kwa sababu nitakayoieleza tutakapofika mahali pake.

Kabla ya kuanza, ni vyema tuelewe kwa nini anang'ata, maana wengi hapa mtaani husema paka wa namna hii ana roho mbaya, na mtu akishaamini hivyo atamtendea kama adui. Mtoto wa paka anapocheza anafanya mazoezi ya kuwinda: kunyemelea, kuruka, kukamata kwa makucha, kung'ata, kisha kupiga mateke kwa miguu ya nyuma. Kadiri ya nguvu anayopaswa kutumia katika meno hufundishwa na mama yake pamoja na ndugu zake wa tumbo moja. Akimng'ata nduguye kupita kiasi, nduguye hulia na kuuacha mchezo, naye hubaki peke yake akishangaa, na baada ya kurudiwa mara nyingi jambo hilo humwingia. Kwa hiyo inashauriwa asitenganishwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki 8, na akikaa naye hadi wiki 12 ni bora zaidi. Zabibu nilipewa na muuza samaki wa Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga, akiwa na takriban wiki 5 tu, amewekwa ndani ya boksi pamoja na kitambaa, kwa kuwa mama yake alikuwa ametoweka. Somo lile hakulipata, nami ndiye niliyebaki kuwa mwalimu wake.

Mwalimu mwenyewe nilianza vibaya. Juma la kwanza nilikuwa nikichezesha vidole chini ya kanga ili avirukie, nasi nyumbani tukicheka, kwani meno yake yalikuwa madogo mfano wa punje za mchele na hayakuumiza. Nilichokuwa nikimfundisha ni kwamba mkono wa binadamu ni panya. Kazi yote ya video hii ni kuifuta fikra hiyo kichwani mwake: mkono uwe wa kulisha na kubembeleza, na windo liwe kitu kingine kilicho mbali na mkono.

Hatua ya kwanza, basi, ni kutengeneza windo hilo. Chukueni ufito wenye urefu wa mkono mmoja na nusu, kama huu, mfunge kwenye ncha yake kamba ya pamba yenye urefu wa kama mita moja, na mwisho wa kamba mfunge kipande cha kitambaa au unyoya wa kuku uliooshwa na kukaushwa. Kuna watu hutumia chelewa iliyochomolewa kwenye fagio. Mimi siipendi, kwa sababu ncha yake ni kali na paka huruka uso ukitangulia. Mkimaliza mchezo, ufito huu utundikwe juu au ufungiwe kabatini. Msiuache sakafuni hata kwa dakika chache, kwani paka akimeza kamba inaweza kuyakunja matumbo yake na kumletea hatari ya kifo, na ulimi wake wenye miba iliyoelekea nyuma humfanya ashindwe kuitema akishaanza kuimeza.

Pamoja na ufito, mtayarishieni mwanasesere wa kupigana naye mwili kwa mwili. Hii ni soksi kuukuu niliyoijaza vitambaa na kuishona mdomo, nayo imemzidi Zabibu urefu kidogo. Tazameni anavyoikumbatia kwa miguu ya mbele na kuipiga mateke kwa ile ya nyuma. Hayo mateke zamani yaliishia kwenye kifundo cha mkono wangu. Kwa ajili ya kunoa makucha nimemzungushia kamba ya mkonge kwenye nguzo hii ya ua, na ingekuwa aibu mtu wa Tanga kukosa kamba ya mkonge, zao ambalo pwani yetu imelijua tangu mwaka 1893.

Hatua ya pili ni kumchezesha kwa ratiba. Paka kwa maumbile yake huchangamka zaidi alfajiri na magharibi, na mtoto asiyepata pa kumalizia nguvu zake katika saa hizo atazimalizia kwenye miguu ya watu. Mimi humchezesha mara tatu au nne kwa siku, kila mara dakika 5 hadi 10, na kikao kirefu huwa ni kile cha kabla ya kulala. Kamba ivutwe ikimkimbia, isimwendee usoni, kwani hakuna panya anayemkimbilia paka. Ifichwe nyuma ya mguu wa kitanda, itulie kidogo, kisha ichomoke. Kila baada ya muda aachiwe aikamate, maana akiwinda bila kupata chochote hujaa hasira, na hasira hiyo huja kuangukia mkononi. Mkikaribia kumaliza, mwendo wa kamba upungue polepole kama kitu kinachokata roho, kisha mpeni chakula. Hapa nampa dagaa waliochemshwa bila chumvi, wamepoa, ambao kwake ni kitoweo cha kunogesha mlo tu. Kuwinda, kula, kujilamba, kulala: huo ndio mpango wa paka wote, na ukiufuata, usiku utalala.

Sasa tufike kwenye hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha somo, nayo ni namna ya kufanya meno yanapokuwa tayari yamekushika. Nitairudia polepole ili muione. Zabibu amenikamata kidole gumba. Hamu ya kila mtu ni kuuvuta mkono, na hiyo ndiyo hamu ya kuizuia, kwa sababu mkono unaovutwa ni windo linalotoroka, na windo linalotoroka huongezewa nguvu. Juu ya hayo, meno yameelekea nyuma kidogo, kwa hiyo kuvuta kunachana ngozi. Mikwaruzo yangu mingi imetokana na kuvuta, si na kung'atwa. Basi ninaulegeza mkono ukawa kama nguo iliyotandikwa, sisogezi kitu, sisemi kitu. Mtazameni masikio. Amesita. Kama hasiti, ninausogeza mkono taratibu kuelekea kwake, kidogo sana, na kwa kuwa hakuna windo linalojisukuma kinywani mwa mwindaji, anaduwaa na kufungua taya. Ameachia. Hapohapo, kabla hajakamata tena, ninamsogezea soksi yake, naye anaiangukia.

Ikiwa ataiacha soksi na kuurudia mkono, nasimama na kuondoka. Sigombi. Naingia chumbani na kurudisha mlango, nakaa nusu dakika au dakika moja, kisha natoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa paka, kuondokewa na mwenzake katikati ya mchezo ni adhabu inayoeleweka, kwa kuwa ndiyo ileile ambayo nduguye angempa. Muda usizidi sana, maana baada ya dakika chache hatakumbuka kilichokuondoa. Tena adhabu ije kila mara. Mkiondoka leo na kesho mkacheka, atajifunza kwamba kung'ata ni bahati nasibu ambayo wakati mwingine hulipa. Siku za mwanzo mnaweza kuona anang'ata zaidi ya zamani. Msikate tamaa kwa hilo, kwani anajaribu kwa nguvu mbinu ambayo jana ilikuwa ikifanya kazi.

Niseme pia yale ambayo mtashauriwa na majirani na ambayo mimi sishauri. Kumpiga kofi puani humfundisha kwamba mkono hakika ni kitu cha kupigana nacho. Kumpulizia usoni na kumrushia maji humtia woga, na paka mwenye woga hung'ata kwa kujihami, ambako kunaumiza kuliko kwa mchezo. Kumning'iniza kwa ngozi ya shingo huiga jambo ambalo mama yake hulifanya kwa mtoto aliye mdogo sana, tena kwa kumhamisha tu. Shangazi yangu alileta ndimu na pilipili ili nijipake mikononi. Nilimshukuru, nikavipeleka jikoni, kwa sababu pilipili ikimwingia paka machoni hamtakuwa mmemfundisha kitu ila mateso.

Hatua ya nne ni kusoma dalili kabla ya meno. Hapa ndipo kosa langu la jana lilipo. Nilikuwa nimempakata nikimpapasa mgongo huku nikizungumza na mgeni, nisimtazame. Picha hii ilipigwa na mpwa wangu dakika hiyohiyo: mkia unapigapiga kwenye paja langu, ngozi ya mgongo inatetemeka, masikio yamegeukia pembeni, mboni zimetanuka hadi jicho limekuwa jeusi. Alikuwa amekwisha kusema mara nne kwamba imetosha. La tano akalisema kwa kucha. Mkiona hata moja kati ya dalili hizo, ondoeni mkono na mwacheni ashuke. Na akijilaza chali akawaonesha tumbo, msidhani anaomba kukunwa; mara nyingi ni mkao wa kuamini au wa kucheza, na mkono ukilifikia tumbo hukumbatiwa na miguu yote minne.

Wale wanaorukiwa vifundoni wanapotembea, hasa ncha ya kanga inapobembea, wasimame papo hapo bila kupiga kelele, na wabebe kitu mfukoni cha kutupa mbele yake, kwa mfano kizibo kikubwa cha chupa kisichoweza kumezwa.

Haya yote hayatafaa ikiwa ni mtu mmoja tu nyumbani anayeyafuata. Sisi tupo saba, na mgumu zaidi hakuwa mtoto. Alikuwa kaka yangu mkubwa, ambaye kila akirudi kazini alikuwa akimchokoza Zabibu kwa vidole na kusema kwamba yeye haumii. Nilimwomba kwa adabu afikirie hivi: meno ya utoto ni 26, nayo huanza kung'oka akiwa na umri wa miezi mitatu na nusu hadi minne, na akifika miezi sita au saba atakuwa na meno 30 ya ukubwani pamoja na taya la kuyatumia. Tabia haing'oki pamoja na meno. Watoto wadogo wachezee ufito tu, mbele ya mtu mzima.

Kuhusu makucha, mnaweza kuyapunguza ncha akiwa na usingizi. Bonyezeni kidole taratibu ukucha utoke, mkate ile ncha inayopenyeza mwanga, na msiguse sehemu ya waridi ndani yake, kwani ina damu na neva.

Meno ya paka ni membamba, hupeleka vijidudu ndani kabisa, kisha tundu hujifunga juu. Akiwatoboa ngozi, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata likiwa dogo, kisha mwende kituo cha afya, hasa ikiwa mkono unavimba au paka hajachanjwa. Kichaa cha mbwa kipo nchini mwetu na paka pia hukipata. Chanjo yake hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu, kwa hiyo Zabibu atapelekwa kwa daktari wa mifugo wiki ijayo. Vilevile paka aliyekuwa mpole akianza ghafla kung'ata anaposhikwa mahali fulani, huenda anaumwa, na hilo si la kufundishwa kwa soksi.

Turudi mkekani. Dagaa wamekwisha, amelamba sahani, sasa analamba mkono wa mbele na kujifuta uso. Ninauweka mkono wangu hapa kando yake, umetulia. Ameunusa. Ameulalia. Nitaizima kamera kwa mkono mwingine.