Lefebvre: Mhunzi na Herufi Isiyotamkwa

Mabibi na mabwana, jina letu la leo, jina la ukoo la Kifaransa, nimeliandika hapo ubaoni: Lefebvre. Wewe dada wa mbele, hebu tusomee. Aha, umeng'ang'ana nayo hiyo b! Iache. Mfaransa anasema "Lefevr", basi. B ipo kwenye pasipoti, mdomoni haimo. Nimekuja kuwaeleza iliingiaje.

Kilatini kilimwita fundi faber. Neno likapita vinywani mwa watu karne kwa karne, likachakaa hadi likawa fevre katika Kifaransa cha kale, maana yake mhunzi. Kijiji hakikwenda bila yeye: nani angefua jembe, nani angempigilia farasi viatu vya chuma? Na kina Jehan walikuwa wengi, wote wana jina la ubatizo tu. Wakatofautishwa kwa lakabu: Jehan le fevre, Jehan mhunzi. Lakabu ikarithiwa, hata na mjukuu asiyewahi kushika nyundo.

Kusini mwa Ufaransa faber huyohuyo akazaa kina Fabre, Favre na Faure. Huko Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, wenye lugha yao, mhunzi akawa Le Goff. Fevre lenyewe lilikufa; mhunzi wa leo anaitwa forgeron. Limebaki kwenye orfèvre, yaani sonara, na kwenye majina ya watu.

Sasa b. Mwishoni mwa Enzi za Kati, makarani waliobobea Kilatini walipenda kuonyesha usomi wao (nadhani mnawajua watu wa namna hiyo). Walipoandika fevre wakakumbuka faber, wakaichomeka b yake. Shida ni kwamba enzi hizo u na v hazikutenganishwa katika maandishi. Karani mmoja aliandika akikusudia v, msomaji akaona u, na hapo akazaliwa Lefébure, jina linalotamkwa kwa b na u zake zote. Kosa la jicho limegeuka ukoo!

Jacques Lefèvre d'Étaples, mwanazuoni aliyetafsiri Biblia kwa Kifaransa, yeye alirudi hadi mwanzo kabisa: vitabu vyake vya Kilatini alivitia sahihi ya Faber Stapulensis, yaani Faber wa Étaples.

Mwaka 1539 Mfalme François I aliagiza parokia ziweke daftari za ubatizo. Hata hivyo padri aliandika alivyosikia, na aliyefuata akaandika alivyopenda. Sheria ya mwaka 1794 ndiyo iliyomkataza raia kutumia jina lisilo kwenye cheti chake cha kuzaliwa.

Kwa hiyo anayetafuta mababu zake katika daftari za zamani za Picardie au Normandie, kaskazini mwa Ufaransa, asiing'ang'anie b. Mtu mmoja huweza kubatizwa Lefevre, akaoa kama Lefebvre, akazikwa Le Febure, na ni yuleyule.

Haya, yule mzee wa nyuma ameinua mkono. Karibu, mzee wangu.