Usaili umeisha, simu imenyamaza: umtafute mwajiri au utulie?

Mbukwenyi watu wangu wa Dodoma! Na wa Manyoni, Kondoa, Singida, wote karibuni. Hapa Mississauga, jimbo la Ontario, Kanada, ni usiku, huko kwenu mnajiandaa na chai. Hiyo sauti mnayoisikia nyuma ni friji, mnivumilie.

Leo nawajibu wadogo zangu wanaonitumia ujumbe ule ule: "Dada, nimefanya usaili, wamesema watanipigia, kimya. Niwatafute au nitaonekana king'ang'anizi?"

Kwanza niambie, usaili wenyewe ulikuwa wa nani?

Kama ni wa Sekretarieti ya Ajira, yaani kazi za serikali, hakuna wa kumpigia. Mchujo, vitendo, mahojiano, matokeo yake yanatoka kwa tangazo kwenye tovuti yao na kwenye akaunti yako ya Ajira Portal. Kutoa nauli mpaka ofisini kwao UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kwenda kumwuliza mtu jina lako limefikia wapi, hiyo nauli nunua bando. Fungua akaunti, soma tangazo mwenyewe. Usisubiri kutumiwa picha ya orodha kwenye grupu la WhatsApp, maana orodha za kughushi nazo zinazunguka humo humo. Na jina likikosekana kwenye tangazo la kuitwa kazini, usikate tamaa mara moja: waliofaulu nafasi zikawaishia huwekwa kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya majina, na taasisi nyingine ikihitaji watu wa kada hiyo wanaweza kuchukuliwa humo. Ila mtu akikupigia akasema anakutoa kwenye kanzidata kwa laki tatu, huyo ni tapeli, kata simu.

Sasa hawa wengine. Mashirika, shule binafsi, hoteli, wakandarasi wa hayo majengo yanayoota Mtumba na Iyumbu. Kwa hawa kuuliza ni haki yako, na kunaanzia mle mle ndani ya chumba cha usaili. Wakishamaliza wanakuuliza, "Una swali?" Sisi tulivyolelewa tunajibu, "Hapana, asanteni," tunainuka haraka kabla hawajabadili mawazo! Uliza: "Mnatarajia kutoa majibu lini? Na nikihitaji kuulizia, nimwandikie nani?" Unatoka na tarehe na jina la mtu. Bila hivyo viwili utakaa nyumbani unahesabu siku, mama naye kila jioni, "Vipi, wamesemaje?"

Wakisema Ijumaa, usiwatafute Alhamisi. Ijumaa ikipita bila neno, andika Jumanne. Jumatatu asubuhi ofisi nyingi ziko kwenye vikao, ujumbe wako utafunikwa. Halafu mnaujua mji wenu: Bunge la bajeti likianza Aprili mpaka mwisho wa Juni, mwenye hoteli ana wageni mpaka kooni. Ukimya wake kipindi hicho huenda haukuhusu wewe hata kidogo.

Uandike nini? Kifupi tu. "Habari za kazi, Bi. Fulani. Naitwa fulani, nilifanya usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi tarehe 12. Mlitarajia kutoa majibu Ijumaa iliyopita, naomba kujua kama uamuzi umeshafanyika. Bado naihitaji nafasi hii. Kile cheti mlichoniuliza kimeshatoka, nimekiambatisha." Umeona hiyo sentensi ya mwisho? Ndiyo inayofanya barua yako isomwe, kwa sababu umeleta kitu kipya. Kama huna kipya, acha, usibuni. Walikuita kwa barua pepe, jibu kwa barua pepe. Walikuita kwa WhatsApp, andika huko. Usitume ujumbe wa sauti, nawaomba sana, mtu wa rasilimali watu hana nafasi ya kukusikiliza ukikohoa. Ukipiga simu na ni mtu mzima, shikamoo kama kawaida. Kwenye maandishi "habari za kazi" inatosha.

Huku Kanada watu hutuma shukrani jioni ile ile ya usaili. Huko nyumbani mimi naona si lazima. Ukituma, sentensi mbili, zikizidi utaonekana unajipendekeza.

Na msidhani ukimya ni ugonjwa wa Dodoma, au ni kwa sababu huna mtu. Hapa Ontario mpaka imebidi itungwe sheria! Kuanzia Januari 1, 2026, mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi, aliyetangaza kazi hadharani, lazima amwambie kila aliyemfanyia usaili kama uamuzi umefanyika au la, ndani ya siku 45 baada ya usaili wake wa mwisho. Ukiona Wazungu wametunga sheria kuhusu kujibu watu, jua walikuwa hawajibu.

Ukiandika wasijibu, rudia mara moja baada ya wiki moja au mbili. Baada ya hapo endelea kuomba kwingine, usiwaandame kama mdai wa mkopo wa kausha damu. Wala usimtume mjomba anayefahamiana na bosi. Pengine ulishachaguliwa kwa haki. Mjomba akiingia, wale waliokusaili wanaanza kujiuliza.

Wakisema hapana, shukuru, kisha uliza ulipungua wapi. Wengi hawatajibu. Binamu yangu wa Ipagala alijibiwa kwamba jaribio la Excel ndilo lililomwangusha, sasa anajifunza, analalamika kila siku lakini anajifunza. Na waambie bado uko tayari, kwa sababu aliyechaguliwa huwa wakati mwingine haripoti, na anayefuata kwenye orodha anatafutwa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo usibadilishe laini kwa ajili ya ofa ya bando. Na namba ngeni wiki hizo pokea, hata kama unadaiwa.