Bolti imekatikia ndani ya hedi: tunaitoa hivi

Karibuni tena gereji. Hapa mezani nina hedi ya alumini, yaani kichwa cha juu cha injini, ya silinda 4. Angalia upande wa eksozi: bolti hii imeshika kutu, na hii ya pembeni fundi aliyetangulia alivalisha spana bomba, akaning'inia mpaka ikakatika.

Tuanze na nzima. Isugue kwa brashi ya waya, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, kisha nenda kanywe chai. Sitanii, mafuta yanataka muda kuingia kwenye meno. Ukirudi, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo mara tano sita, wima, uivunje ile kutu. Chukua soketi ya pembe sita namba 12. Ile ya pembe kumi na mbili iache, itakula kichwa.

Sasa usikimbilie kufungua. Kaza kwanza, kidogo tu. Umesikia hiyo "kwii"? Imeachia. Fungua robo mzunguko, rudisha, ongeza mafuta, fungua tena. Bolti inayotoka huwa inalia. Ikinyamaza ghafla na spana ikawa laini kama unavuta mpira, acha hapo hapo: chuma kinajinyonga, kinakaribia kukatika.

Ikifika hapo, lete moto wa gesi. Choma alumini kuzunguka tundu, siyo bolti, maana alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Lakini alumini haikuonyi kwa kuwa nyekundu, inayeyuka tu. Mimi napima kwa mshumaa: nikiugusisha kwenye bolti ukayeyuka na kunywewa ndani, nazima moto na kujaribu tena.

Haya, hii iliyokatika. Bahati yetu kisiki kimechungulia kidogo. Nakivalisha nati ya milimita 8 na kuchomelea ndani ya tundu la nati, kuanzia katikati kwenda nje. Mafuta yote tuliyonyunyiza yafutwe kwanza. Kama hedi ingekuwa bado kwenye gari, ningetoa betri na kuhakikisha hakuna harufu ya petroli. Subiri wekundu uishe, kisha spana, mbele na nyuma, taratibu. Nati ikibanduka, chomelea nyingine. Juzi moja ilinilazimu nichomelee mara nne. Joto lenyewe nalo linasaidia, kila mara kutu inazidi kuachia.

Kisiki kikiwa kimezama kabisa, ndipo tunatoboa. Piga alama kwa panchi, kile chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo, katikati kabisa. Ukikosea hapa, biti itakimbilia alumini kwa sababu ni laini. Anza na biti ya milimita 3, halafu 5, dreli izunguke polepole. Usivuke milimita 6.8, utakula meno ya hedi. Ekstrakta, ile inayopigiliwa kwenye tundu ulilotoboa ili izungushe kisiki kitoke, nawaombeni muiogope. Ni chuma kigumu sana, ikikatikia ndani biti zetu za kawaida zinahangaika kuitoboa. Niliwahi kuikatia ndani ya hedi ya mteja, na siku hiyo faida yote iliishia kwa mtu wa mashine.

Imetoka, hii hapa. Pitisha tepu, kifaa cha kukata na kusafisha meno ya tundu, ya 8 kwa 1.25 (unene wa bolti kwa nafasi kati ya jino na jino, kwa milimita), puliza vumbi kwa upepo huku umevaa miwani. Paka bolti mpya grisi ya shaba, uianze kwa vidole. Hii yetu imeingia mizunguko minne bila spana. Yako ikigoma kwa vidole, itoe ukague meno.