Imeili Hii Imetoka kwa Nani Hasa? Fungua Kompyuta Tuifuate Pamoja

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo naomba mkae na kompyuta maana app ya Gmail ya kwenye simu hiki tunachokitafuta haikionyeshi, na kama huna, azima ya mtu dakika kumi zinatosha.

Kabla sijashika mausi niwape kisa kidogo. Alikuja mzee mmoja hapa kibandani, mteja wangu wa siku nyingi wa kuprinti, nikampa shikamoo akaipokea juu juu, akaniambia kijana wangu funga mlango. Nikafunga. Akafungua laptopu, kwenye kamera kabandika plasta, ile ile ya kidonda, akanigeuzia skrini. Imeili ya Kiingereza, mtu anadai ameingia kwenye kompyuta ya mzee, amemrekodi akiangalia mambo ya kikubwa, alipe kwa bitcoin ndani ya saa 48 la sivyo video inakwenda kwa ndugu jamaa na marafiki. Na humo ndani kaiandika paswedi ya mzee, ya kweli, ya zamani. Lakini kilichomnyima usingizi siyo hiyo, ni kwamba imeili ilionekana imetoka kwake mwenyewe. Jina lake, anwani yake, na kapicha kake kale ka kanzu. Ananiuliza, sasa huyu angetumiaje imeili yangu kama hayumo ndani?

Haya, hapo ndo tunaanzia. Sehemu ile iliyoandikwa From ni kama jina unaloandika nyuma ya bahasha. Unaweza kuandika jina la shangazi, la mkuu wa mkoa, la huyo huyo unayemtumia, na karani wa posta hakuombi kitambulisho. Utaratibu wa kusafirisha imeili unaitwa SMTP, uliandikwa 1982, wakati mtandao mzima ni vyuo na maabara chache watu wanajuana, nani angemdanganya nani. Kumkagua mtumaji kumekuja kubandikwa baadaye sana na mpaka leo kunavuja.

Kwahiyo jina tunaliacha, tunaenda kwenye mihuri. Fungua Gmail kwenye kompyuta, fungua imeili yenyewe (kuifungua tu na kusoma hakuna shida, shida ni kubonyeza viungo na mafaili), kulia juu kuna vidoti vitatu, bonyeza, shuka mpaka palipoandikwa Show original. Wa Yahoo mnaenda vidoti halafu View raw message, wa Outlook ya kwenye brauza ni vidoti, View, halafu View message source. Inafunguka kurasa ina maandishi kama mtu kakanyaga kibodi. Usikimbie. Hiyo inaitwa heda, imekuwepo kwenye kila imeili uliyowahi kupokea, ni vile tu wanakufichia.

Wa Gmail mna bahati, juu kabisa kuna kijedwali. Angalia mistari mitatu ya chini: SPF, DKIM, DMARC. Msiogope vifupisho. SPF inauliza, hii seva (kompyuta inayosafirisha imeili) iliyoleta mzigo imeruhusiwa na mwenye jina la kikoa, yaani lile jina linalokaa baada ya @? DKIM ni kama lakiri, imeili imesainiwa na kikoa husika na haijaguswa njiani? DMARC inauliza, walau kimoja kati ya hivyo viwili kimepita na kinaendana na kikoa kilichoandikwa kwenye From, au kila mmoja anasema lake? Imeili ya mzee ilikuwa na FAIL kwenye SPF na FAIL kwenye DMARC. Yaani seva yake yenyewe ilishajua kwamba huyu siyo mzee, ikaiachia tu imeili ipite. Nilipomwonyesha akavuta kiti akakaa.

Sasa hapa wengi mnateleza naomba mnisikilize: PASS tatu hazimaanishi mtu mwema. Zinamaanisha imeili kweli imetoka kwenye kikoa hicho. Tapeli akinunua kikoa chake kinachofanana na cha benki, herufi r na n zimebanana mpaka zinasomeka m, atapata PASS zote tatu safi kabisa, kwa sababu kweli imetoka kwake. Kwahiyo soma kikoa herufi kwa herufi, na angalia kama kuna mstari wa Reply-To, maana From inaweza kuwa ofisi kubwa halafu ukibonyeza jibu inakwenda kwenye Gmail ya mtu huko. Zile barua za kazi za Doha na Dubai zinazozunguka, nyingi nilizoletewa hapa ndo mchezo wake huo.

Tushuke chini. Tafuta neno Received, bonyeza Ctrl na F uliandike. Utakuta yapo kadhaa. Kila seva imeili inapopita inagonga mhuri wake JUU ya mihuri iliyotangulia, kwahiyo safari inasomwa kutoka chini kwenda juu, wa chini kabisa ndo mwanzo. Naweka mfano kwenye skrini, namba na majina nimeweka ya kubuni:

Received: from mail.dukafulani.example (unknown [203.0.113.45]) by mx.yangu.example, Tue, 04 Mar 2025 09:14:22 +0300

Received: from ofisini-pc ([198.51.100.7]) by mail.dukafulani.example, Tue, 04 Mar 2025 09:14:20 +0300

Huo mstari wa juu, baada ya from ni jina aliloji­tambulisha nalo mgeni, anaweza kusema lolote. Lakini namba iliyo kwenye mabano ya mraba, hiyo seva iliyopokea imeiona kwa macho yake, huyo mgeni amegonga hodi kutoka kwenye anwani hiyo ya IP (namba inayotambulisha kifaa au mtandao kwenye intaneti), na hiyo hawezi kuidanganya kirahisi kwa sababu akidanganya majibu hayamfikii na mazungumzo yanakatika. Mstari wa pili unasema kuna kompyuta inaitwa ofisini-pc ilitumia seva ya duka kutoka IP nyingine, na hapo kama ni kweli umekaribia mezani kwa mtu.

Nimesema kama ni kweli. Mihuri ya chini inaweza kuwa imegongwa nyumbani kwa tapeli kabla hata imeili haijaondoka, anaandika tu maneno. Mhuri wa kuuamini ni ule uliogongwa na seva yako mwenyewe, na ule inaoukabidhiwa na seva inayojulikana. Unasoma kutoka chini, unaamini kutoka juu. Ukiona mnyororo umekatika, huyu anasema nimemkabidhi fulani halafu fulani hayupo kwenye mhuri unaofuata, chini ya hapo usihangaike napo.

Kingine kitamu ni saa. Hiyo +0300 ni saa za Dar na Nairobi na Kampala. Imeili inayojiita ya wakili wa Lagos ingetakiwa iwe +0100. Ila msije mkamkamata mtu kwa hilo, +0300 ni Moscow pia, ni Riyadh pia, ni Istanbul, na Date anaweza kuibadilisha. Ni dalili tu.

Haya umepata IP. Nenda kwenye tovuti ya whois, ya AFRINIC kama ni namba za Afrika, hao ndo wanagawa IP bara letu, makao yao yapo Mauritius. Bandika namba. Itakwambia kampuni ya mtandao iliyopewa namba hiyo, nchi, na anwani ya kupeleka malalamiko. BASI. Haikwambii jina, haikwambii nyumba. Zile tovuti zinazochora ramani na kidoti chekundu zisikutie kichwa moto ukaenda kugonga mlango wa mtu, mtu yupo Mwanza anatumia bando na kidoti kinaweza kusimama Dar kwa sababu mtandao wake unatokea Dar. Na mitandao ya simu inachanganya watu wengi kwenye IP moja kwa wakati mmoja, nani alikuwa nani saa 3 na dakika 14 asubuhi inajua kampuni ya simu peke yake kwenye kumbukumbu zake, na haikupi wewe wala mimi, inawapa polisi wakija na karatasi ya kisheria.

Na mara nyingi hata hiyo IP hutaipata. Mtu akiandika kwa Gmail ya kwenye brauza, mhuri wa mwanzo unakuwa wa Google wenyewe, namba zinaanza 209.85 hivi, ya kwake imekaa kwenye rekodi za Google. Hotmail zamani ilikuwa inaweka mstari X-Originating-IP na namba ya mtumaji wazi, waliutoa. Kwahiyo mtu akikwambia nipe elfu hamsini nikutafutie mwenye Gmail hii anaishi wapi, hiyo ni sadaka.

Sasa tugeuze meza, tuseme wewe ndo mtumaji, labda unaripoti wizi kazini, hutaki ujulikane. Ukisikia niliyosema utaona umejificha vizuri, sivyo? Hapana. Umejificha kwa mpokeaji tu.

Mwaka 2012 kule Marekani David Petraeus alijiuzulu ukurugenzi wa CIA, shirika lao la ujasusi, na uzi ulianzia kwenye imeili za vitisho zisizo na jina alizotumiwa mama mmoja huko Tampa. Aliyezituma alifungua akaunti za bandia na alizifungua akiwa hotelini. FBI, wapelelezi wa serikali yao, wakachukua IP, zikaangukia hoteli kadhaa miji tofauti, wakaomba orodha za wageni, wakatafuta jina linalojirudia. Ni hivyo tu, hakuna uchawi. Akapatikana Paula Broadwell, aliyeandika kitabu cha maisha ya Petraeus. Na hao wawili kwa mawasiliano yao walikuwa wana akaunti moja wanaandikiana kwenye rasimu bila kutuma, wakidhani kisichotumwa hakionekani. Mkurugenzi wa CIA huyo!

Mwaka uliofuata, Disemba 2013, mwanafunzi wa Harvard akatuma imeili kuna mabomu ili akwepe mtihani, katumia imeili ya muda na Tor, ile programu ya kuficha IP yako, kajitahidi. Ila Tor yenyewe kaiwasha kwenye waifai ya chuo. Polisi wakauliza tu, saa ile nani alikuwa kwenye Tor hapa chuoni? Alikiri.

Mnaona, wote imeili haikuwataja. Walitajwa na vitu vya pembeni. Na kwetu huku cha pembeni kikubwa ni laini. Unafungua akaunti mpya ya jina la kubuni, mara nyingi wanakuomba namba ya simu wakutumie namba ya kuthibitisha, unaweka namba yako, na hiyo laini Tanzania umeisajili kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Jina la bandia juu, kidole chako chini. Halafu faili la Word uliloambatisha, bonyeza File, Info, kulia angalia Author, mara nyingi kuna jina lililowekwa kwenye Word ya kompyuta hiyo. Picha ya simu nayo, kama lokesheni ya kamera ilikuwa imewashwa, ukiituma kama faili inakwenda na GPS ya pale ulipoipigia.

Proton je, ile huduma ya imeili inayosifika kwa usiri? Wazuri, ndani ya imeili hawasomi. Ila wapo Uswisi na Uswisi kuna mahakama, 2021 walilazimishwa kurekodi IP ya mwanaharakati mmoja wa mazingira wa Ufaransa na wakatoa, kwa sababu ni sheria ya huko. VPN vilevile, ile huduma ya kupitisha mtandao wako kwa kampuni nyingine kwanza, aliyekuwa anakuona ni kampuni ya simu, sasa anakuona mwenye VPN, na kama ni ya bure jiulize anakula nini.

Kitu kimoja kwa wapokeaji, fanyeni sasa hivi: Gmail, Settings, shuka kwenye Images, weka Ask before displaying external images. Matangazo mengi yana kapicha ka nukta moja, ukifungua imeili kanavutwa kutoka kwao wanajua umefungua na saa ngapi. Google inapitisha picha kwenye seva zake kwahiyo IP yako hawaipati, ila kufungua kwako wanakujua.

Turudi kwa mzee. Paswedi yake tuliitafutia chanzo kwenye Have I Been Pwned, tovuti ya kuangalia kama anwani yako imo kwenye data zilizovuja, anwani yake ilikuwemo kwenye data zilizovuja za tovuti aliyojiunga zamani hata haikumbuki. Tapeli kachukua orodha, katuma kwa maelfu, hajawahi kuona kamera ya mtu. Tukabadilisha paswedi, tukawasha uthibitisho wa hatua mbili. Plasta kaiacha.

Kama yako ni vitisho vya kweli na unaenda polisi, usiifowadi na usipige skrini shoti peke yake, ukifowadi heda ya mwanzo inapotea inabaki ya kwako. Kwenye ile kurasa ya Show original bonyeza Download Original, linashuka faili la .eml, hilo weka kwenye flashi uende nalo, na imeili yenyewe usiifute. Na wanaopenda kuniwekea heda hapo chini niwasomee, futeni kwanza mstari wa juu kabisa wa Delivered-To, ule wa To na popote pengine anwani yenu ilipo, juzi mmoja kaweka heda ya tapeli nzima nzima, anwani ya tapeli kaiziba kwa nyota, ya kwake kaiacha.