Kiitaliano cha Ufuoni na Kiitaliano cha Chuo

Wazazi wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mnaongoja nafasi za chuo, hamjambo. Mliokwisha kunisikia mtaniwia radhi, maana nitayasema yale yale. Ninayoambiwa kila nikikanyaga Malindi nayo ni yale yale: "Mwalimu, Kiitaliano cha kusomea shahada cha nini? Hapa mtoto anakiokota ufuoni bila kulipa karo, na tayari anajua."

Ni kweli, anakiokota. Tangu Waitaliano waanze kurusha setilaiti pale Ngomeni mwaka 1967, na hoteli zikafuata, lugha yao imo vinywani mwetu. Maneno yao huishia kwa irabu kama yetu, ulimi haupati taabu. Hilo sibishi. Ninalobisha ni hilo neno "anajua".

Sikilizeni kisa cha ile barua. Yuko kaka mmoja wa hapa hapa, jina lake nalihifadhi, aliyetunza nyumba ya Mwitaliano kwa miaka 17. Kiitaliano chake kinateremka kama maji. Ukimsikia kwenye simu bila kumwona utadhani kazaliwa huko. Mwenye nyumba akafariki, warithi wakaandika barua kupitia kwa wakili, ukurasa mmoja tu. Kaka akaisoma mwenyewe. Amtafute nani, naye anajua? Ndani mlikuwa na sentensi inayoanza hivi: "Qualora Lei non rispondesse entro trenta giorni". Yeye alishika trenta giorni, siku 30. Akawatangazia watu wa nyumbani kwamba kiinua mgongo kinakuja baada ya siku 30. Wakakaa wakingoja.

Aliponiletea barua, siku 30 zilikuwa zimeshapita. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Mwalimu, huyu mwanamke anayetajwa humu ni nani?"

Msicheke. Ufuoni lei ni "yeye", mwanamke. Mtalii anakuita "tu", yaani "wewe" ya Kiitaliano, nawe unamwita "tu", kama marafiki wa utotoni. Kwa miaka 17 hakutokea mtu wa kumwambia kwamba Mwitaliano akikuheshimu, au akitaka kuweka umbali kati yenu, hukuita Lei, na kitenzi chote kikageuka kana kwamba anamsema mtu wa tatu. Mwanamke yule wa kwenye barua alikuwa yeye mwenyewe! Na qualora ni "endapo". Endapo hutajibu katika siku 30, tutahesabu kwamba umeyaacha madai yako. Tulijibu jioni ile ile, tukaandika tena na tena, na mwishowe akalipwa sehemu. Sehemu, jamani, ya miaka 17.

Najua mnachowaza: hayo yangetibiwa na kozi ya miezi mitatu. Kozi ingemfundisha Lei, sawa. Isingemfundisha kwa nini wakili anaandika lugha ambayo hata mkewe hamsemeshi mezani. Kulijibu hilo lazima urudi nyuma sana. Kiitaliano kilikuwa lugha ya vitabu karne nyingi kabla hakijawa lugha ya Waitaliano. Dante, mshairi wa Firenze, alifariki mwaka 1321. Mwaka 1525 Pietro Bembo, mzaliwa wa Venezia, si wa Firenze, akatoa kitabu cha kuwataka waandishi wote waandike kama mabingwa wa Firenze wa karne ya 14. Nchi yenyewe ilikuja kuungana mwaka 1861, na mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria kwamba wakati huo waliokimudu Kiitaliano walikuwa asilimia 2.5 tu. Wengine wote walikuwa na lugha za kwao: Kinapoli, Kivenezia, Kisisilia. Na hizo si Kiitaliano kilichoharibika, nawasihi mliondoe hilo vichwani. Kila moja ilizaliwa na Kilatini kivyake.

Sasa niambieni, ni nani wa kulielewa hilo kuliko mtoto wa Pwani? Mkutano wa mwaka 1928 ulifanyika Mombasa, na papo hapo Mombasa kikachaguliwa Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lahaja ya Mombasa aliyotungia malenga Muyaka, kikawekwa kando. Mtoto wa Lamu au wa Mombasa ambaye maneno ya nyanya yake yamepigwa mstari mwekundu katika insha anaijua habari ya Mnapoli kabla hajafungua kitabu. Akifika chuoni na uchungu huo, ataona mambo ambayo mwenzake hayaoni.

Tena nasikia, "Lakini wao mbona hawahangaiki hivyo na lugha yetu?" Nani kasema? Nendeni Napoli, chuo kikuu cha L'Orientale, chenye asili yake katika shule iliyotambuliwa na Papa mwaka 1732. Pale vijana wa Kiitaliano wanasomea Kiswahili darasani, sarufi na fasihi, na ufuo wa Malindi wanaujua. Hawakuona kwamba salamu za hotelini zinatosha. Sisi ndio tunaoona za kwao zinatutosha.

La ajira nitalipitia upesi: mahakama zinataka wakalimani, mikataba ya viwanja na nyumba inataka wafasiri, na mwenye shahada analipwa kwa kazi ambayo yule kaka aliifanya bure miaka yote, ya kuwasemea wengine. Nilitaka pia niwaeleze juu ya Somalia, ambako hadi vita vya 1991 chuo kikuu cha taifa kilifundisha masomo mengi kwa Kiitaliano, na ambako ndiko asili ya wazazi wa Igiaba Scego, mzaliwa wa Roma anayeandika kwa Kiitaliano habari zinazotuhusu sisi majirani. Hiyo peke yake ni mada ya siku nzima, na mwenyekiti ananionyesha saa.

Yule mama pale nyuma kanyoosha mkono tangu nilipotaja karo. Mpeni maikrofoni, tafadhali.