Yai la Kutotolesha Halioshwi Kama Sufuria

Ndugu zangu, namwona mama mmoja hapo mbele kaleta trei, mayai yanang'aa kama sahani za harusi. Hongera kwa usafi, mama, ila hayo leo yaende jikoni.

Ganda lina maelfu ya vitundu usivyoviona, na humo ndimo kifaranga anamopatia hewa. Yai hutoka kwa kuku likiwa na majimaji. Yakikauka yanabaki utando. Hewa inapita, vijidudu vinakwama. Ukilisugua kwa sabuni, utando huo kwaheri. Maji yakiwa baridi kuliko yai ni balaa zaidi, maana vya ndani vinasinyaa, yai linavuta, na uchafu wa beseni unazama nao.

Mimi somo hili nimelilipia ada. Mayai ya kwanza kuingia kwenye mashine yangu ya kutotolesha niliyaosha kwa maji ya bomba, tena kwa fahari. Usiku wa siku ya 16 nikasikia 'pah!' Yai viza limepasuka, uozo umerukia trei nzima, na yaliyobaki yakafuata kuviza moja moja. Harufu sisemi. Mke wangu alikaa mwezi mzima hataki kusikia neno yai.

Usafi unaanzia kwenye kiota. Weka maranda makavu ya mbao, yakilowa badilisha, uokote mara tatu au nne kwa siku. Lenye kinyesi kilichotapakaa usililazimishe, litoe kwenye hesabu ya vifaranga. Lenye doa dogo, subiri likauke, ulikwangue taratibu kwa msasa laini, hapo penye doa tu. Na mikono yako je? Inaoshwa kabla ya kushika mayai.

Mzee pale anauliza kama mayai yanaweza kusubiria mashine ndani ya friji. Ya nyumbani hapana, baridi yake imezidi. Yai linataka nyuzi 15 hadi 18. Tafuta chumba chenye ubaridi kuliko vyote, ncha iliyochongoka itazame chini, yasipite siku 7. Yakitoka humo yaache mezani saa kadhaa kwanza. Yakitoka kwenye baridi yakatupwa moja kwa moja kwenye nyuzi 37.5 za mashine yanatoa jasho, na kwenye jasho vijidudu vinaogelea.

Haya, nani ana tochi? Zimeni taa tumulike trei hii ya pili. Kama yana mbegu ya jogoo leo hatutajua, hiyo ngojeni siku ya 7 ndani ya mashine. Tunatafuta nyufa. Hili hapa, mnaona huo mstari mweupe kama unywele? Weka pembeni.